Paa la Baba Limehamia Mkumbi

Kama hukunisoma wiki iliyopita, usihangaike kuazima gazeti kwa jirani. Aibu yetu ni fupi, naweza kuirudia.

Mimi ni Luisa, binti wa Mzee Raimundi, aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Mbinga mjini. Kiwanda kiliuzwa. Aliyekinunua alitaka mashine, hakutaka mafundi. Baba akastaafishwa kabla ya umri wake, na kiinua mgongo chote akakimalizia kununua nyumba ya kiwanda tuliyokuwa tukiishi. Alisema sasa atazeeka kwa amani.

Kisha bwana mmoja aitwaye Hamphrey, mnunuzi binafsi wa kahawa, akajenga ghorofa ubavuni mwetu. Mthamini wa majengo akapita, akatazama ghorofa, akatazama nyumba yetu, akasema mtaa umepanda hadhi. Mtaa ulipopanda, kodi ya jengo ikapanda nao. Pensheni ya baba ikabaki pale pale ilipokaa.

Ndipo watu wa mtaani wakamnong'oneza baba kwamba nyumba ya nyasi haitozwi kodi. Kiangazi kilichopita baba akaezua mabati yake, akaezeka nyasi. Mabati akayapeleka Mkumbi kwa mdogo wake, Tobias, ili aezekee nyumba ya matofali ambayo baba alikuwa akiijenga kidogo kidogo kwenye mlima wa ukoo. Mjini tusilipe kodi, mlimani tupate pa kuzeekea. Tobias akatuma salamu: kazi imekwisha, paa linapendeza.

Nilimsifu baba. Nilisema mbele ya mama kwamba hiyo ndiyo akili ya mwananchi anayejitegemea. Naona haya kuandika sentensi hiyo, lakini niliisema.

Sasa tuendelee.

Mthamini alirudi katikati ya Kwaresima, amevaa tai. Njia yetu ilikuwa tope tupu. Alifuta viatu vyake kwenye nyasi zilizodondoka kutoka kwenye paa letu, mguu mmoja, kisha mwingine, taratibu, kama aliyetandikiwa zulia.

Kijana huyu nilisoma naye chuo kikuu. Alikuwa mbele yangu mwaka mmoja, na katika migomo yetu yeye ndiye aliyekuwa akilia machozi anapotaja neno "wanyonge". Siku hizi ana gari la ofisi na machozi yamekauka.

"Hongera, mzee," alimwambia baba. "Umeezeka vizuri."

Baba akatabasamu. "Nyasi za Mkumbi hizo. Hazivuji."

"Na ni kweli, nyumba ya nyasi haitozwi kodi."

"Nilijua," baba akasema, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Haitozwi kwa sababu hairuhusiwi."

Tabasamu la baba lilichelewa kuondoka. Lilibaki usoni peke yake.

"Eneo hili limepimwa, mzee. Nyasi mwisho kule ng'ambo ya mto. Rudisha mabati kabla mwezi haujaisha. Usiporudisha tutaibomoa, na gharama ya kubomoa ni juu yako."

"Nilipe ili mnibomolee?"

"Ndio utaratibu."

Nikaingilia. Mimi huingilia, ndio ugonjwa wangu. "Kaka, unakumbuka tulivyokuwa tukisema pale chuoni kuhusu wazee wetu?"

"Dada Luisa," akajibu bila hasira hata kidogo, "wakati ule tulikuwa tunakula bure."

Kicheko kikatoka juu. Hamphrey alikuwa amesimama kwenye roshani yake, kaptula na fulana, mkononi chupa ya soda. Amejengwa na kahawa lakini hainywi. Baba alikuwa tayari fundi kiwandani wakati Hamphrey anakimbizana na kuku kijijini Liparamba, lakini hajawahi kumwamkia baba. Humwita kwa jina kama anavyowaita wapakiaji wake.

"Mzee Raimundi, vipi? Umetuletea Mkumbi mjini?"

Baba akaanza kuokota nyasi zilizodondoka.

"Cheche moja ya jiko lako na ghorofa yangu imekwenda. Niuzie hicho kiwanja nipate pa kulaza lori. Wewe nenda ukapumzike."

"Nikapumzike wapi?"

"Si una mlima? Kila Mmatengo ana mlima."

Mama yangu, Kunigunda, alikuwa mlangoni akichambua dagaa wa usipa aliotumiwa na ndugu zake wa ziwani. Akainua uso kuelekea roshani. Akauliza kwa sauti ya kanisani:

"Na mabati mapya siku hizi yanapatikana wapi, baba?"

"Kwangu bati si tatizo, mama Luisa. Tatizo ni kiburi chenu." Akanywa soda, macho yake yakahama kutoka kwa mama yakaja kwangu. "Nyumba yenye binti msomi haifai kuezekwa kama banda la mbuzi."

Hamphrey hana mke. Aliwahi kuwa na mchumba, mwalimu kutoka Songea, aliyekuja kuitazama ghorofa na kuondoka na sanduku lake kichwani bila kuaga. Nilimheshimu sana mwalimu yule.

Niliingia ndani, nikafunga dirisha kwa kishindo. Mama hakufunga mlango.

Jioni hiyo baba akatoa uamuzi. "Tunakwenda Mkumbi kuchukua mabati."

"Na nyumba ya kule?" mama akauliza.

"Ya kule ivae nyasi. Bati lirudi huku."

"Likirudi huku, kodi nayo inarudi."

Baba akatazama nyasi juu yake.

"Raimundi, twende kwetu Mbaha, ziwani," mama akasema. "Kaka yangu Meshack ana kiwanja kinalala tu karibu na maji. Hakuna mthamini kule. Hakuna ghorofa. Hadhi ya mtaa haijapanda tangu nizaliwe."

"Mwanamume wa Kimatengo akazeekee ukweni? Nikae nakula ugali wa muhogo, mashemeji wananihesabia matonge?"

"Basi kazeekee hewani."

Mama alibaki kulinda nyumba. Mimi na baba tukaenda Mkumbi. Nilikwenda na moyo mweupe. Ndugu ni ndugu, nilijiambia. Vitu vyote vinaweza kuwekwa sokoni, undugu hapana.

Tuliliona paa tukiwa bado upande wa pili wa bonde. Baba alikuwa amelipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kupaka mashine za kiwanda, na Mkumbi nzima hakuna paa jingine la kijani.

"Tazama, Luisa! Tobias kaniezekea kweli!"

Akaanza kutembea haraka, koti limemteleza begani. Njia nzima, kama aliyesahau kwamba tumekuja kuyaezua, alinieleza mahali atakapoweka kiti chake, na dirisha ambalo mama atapenda. Nami nikalia kidogo kwa furaha. Mimi hulia mapema.

Tukapanda. Tukakata kona ya mwisho.

Nyumba ya baba iko kulia kwa njia. Paa la kijani lilikuwa kushoto.

Kulia kulikuwa na kuta nne za matofali, wazi kwa Mungu. Ndani yake maboga yalikuwa yametambaa sakafu nzima, na mche mmoja umetokea dirishani. Mlangoni alisimama mbuzi. Alitutazama kama mwenye nyumba anayetazama wageni wasiokuwa na miadi.

Tobias akatoka kwenye nyumba yake ya kushoto, anafuta mikono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tobias, mabati yangu yanafanya nini kule juu?"

"Yanazuia mvua, kaka."

"Niliyaleta kwa ajili ya nyumba yangu!"

"Ipi? Hii ya maboga?"

Jikoni mtu alicheka. Alikuwa mke wake, Hildegardi, mwanamke ambaye hucheka akiwa amejificha ili usijue pa kumjibu.

"Kaka, bati likilala chini bila kazi linaoza," Tobias akasema kwa upole. "Ni kama mstaafu."

"Baba mdogo," nikasema, "mabati hayo si yako. Kuna kitu kinaitwa haki."

Hildegardi akatoka jikoni kuja kuniona vizuri. "Haki! Kumbe huyu ndiye aliyesomeshwa kwa kahawa ya mlima huu?"

"Kahawa ya baba yangu."

"Iko wapi? Ionyeshe kwa kidole."

Nikainua kidole kuelekea mteremkoni, na kidole kikabaki hewani.

Mibuni ya baba haikuwapo. Ile aliyoipanda akiwa kijana, kabla hajakwenda kiwandani, yote ilikuwa imeng'olewa. Mteremko mzima ulikuwa na mashimo mapya ya ngoro, kilimo chetu cha mlimani, yamepangwa kama sega la nyuki, na kwenye kingo zake maharage yalikuwa yameanza kuchomoza.

Baba alikaa chini. Hakutafuta jiwe wala gogo, alikaa pale pale aliposimama.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Kwetu mlima ni wa ukoo, hakuna mwenye hati. Mtu aliye mbali hushikiwa nafasi na mibuni yake. Maadamu imesimama, hakuna wa kusema huyu hana mahali. Ikiondoka, na yeye ameondoka.

"Ungeniambia, Tobias."

"Nikuambie nini? Ushirika ulipokuwa hai tulipewa dawa kwa mkopo. Limekuja soko huria, dawa ni ya mwenye fedha. Ulileta dawa wewe? Uliniletea salamu. Bei ikaanguka, mibuni ikaugua, watoto hawali majani ya mbuni. Nikang'oa."

"Na watu wa mjini wanakuja mlimani kwa mambo mawili," Hildegardi akamalizia. "Kuzika na kuzikwa. Kwa hayo mawili nafasi yako ipo, shemeji, usiwe na wasiwasi."

Baba alivuta pumzi. "Sawa. Habari ya mlima tutaizungumza na wazee wa ukoo. Leo nataka mabati yangu. Mwezi ukiisha wananibomolea."

Nilitegemea ugomvi. Tobias akanyoosha mkono.

"Chukua, kaka. Ni mali yako, nani amekataa? Ngazi ile pale. Nyundo nitakuazima."

Alisema kwa unyenyekevu kiasi kwamba nilimwamini. Nilikaribia hata kumshukuru. Elimu ya chuo kikuu haikunisaidia kitu kwa watu wapole.

Baba akavua koti. Akaegemeza ngazi ukutani. Mguu wake wa kwanza ulipokanyaga, sauti ikatoka ndani.

"Nani anakwaruza ukuta wangu?"

Alikuwa Bibi Gertrude, mama mzazi wa baba na wa Tobias. Miaka yote alilala kwenye kibanda chake cha nyasi nyuma ya jiko. Sasa alikuwa chumba cha mbele, kitanda chini ya mabati ya kijani, chini kabisa ya pale ngazi ilipoegemea.

Baba akashuka, tukaingia. Miguu ya bibi imekufa, lakini mdomo wake bado una miaka thelathini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Raimundi mwanangu. Umekuja kukagua zawadi yako?"

"Zawadi?"

"Mabati! Tobias kanieleza yote. Kwamba kaka amevua paa la nyumba yake mwenyewe kule mjini, ili mimi nisinyeshewe. Nikamwambia mwongo mkubwa wewe, Raimundi hajawahi kuniletea kanga asiitangaze mwaka mzima, leo aniletee paa kimya kimya? Nikamtukana bure mtoto wa watu." Akaushika mkono wa baba. "Mvua zote hizi nimelala mkavu. Tangu nizaliwe sijawahi. Rozari yangu ya asubuhi ni yako, ya jioni tu ndiyo ya marehemu baba yako."

Baba alitazama juu. Kila tundu la msumari alikuwa ameliziba kwa lami kwa mkono wake kabla ya kuyasafirisha. Hakuna hata moja lililovuja.

"Yanakutosha, mama?"

"Yananitosha. Ila rangi hii, kama chura!"

Tobias alikuwa ameegemea mlango, anatazama kucha zake. Nimesoma vitabu vingi kuhusu wakoloni, makabaila na walanguzi. Hakuna hata kimoja kilichonieleza kuhusu mtu anayepigilia mabati ya wizi kwa kumtumia mama yake mzazi kama msumari.

Baba akatoka nje. Akaichukua ngazi, akairudisha pale alipoikuta.

"Baba, hii ni hila!"

"Ni hila."

"Kwa hiyo?"

"Na ni mama."

Akavaa koti. "Nikitoa bati moja juu ya kitanda kile, Luisa, nitaimbwa kuanzia hapa mpaka ziwani. Na wataimba kwa haki."

Tulipoanza kuondoka Hildegardi akatukimbilia na boga kubwa.

"Msirudi mikono mitupu, shemeji. Limeota kwako hili."

Baba alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwa sababu baba ni mtu wa adabu. Siku ile niliichukia adabu.

Tulishuka mpaka bondeni. Nikataka kumpokea boga, akakataa. Kisha, bila kunitazama:

"Huyo mjomba wako Meshack. Kiwanja chake kiko karibu na maji kiasi gani?"

Moyo wangu ukaruka. "Karibu, baba. Unasikia mawimbi ukiwa kitandani."

"Ugali wa muhogo unalika?"

"Unalika."

"Na matonge watanihesabia?"

"Mwezi wa kwanza hapana."

Akacheka. Baba yangu alicheka, na boga la nyumba yake mikononi. Alisema mashua za injini zimekuwa nyingi kule, na injini ni injini, haiulizi kama fundi wake anaishi ukweni. Tumuuzie yeyote kiwanja cha mjini, hata huyo wa ghorofa, tushuke ziwani, kodi wailipe wenye hadhi. Dharau ya mashemeji ataimeza, alisema, maana ameshameza ya mdogo wake na haikumuua.

Hivyo ndivyo baba alivyokubali. Hakuna anayejua uzito wa neno hilo ila aliyezaliwa kwenye mlima ule. Nilitaka tufike upesi nimweleze mama kwamba ameshinda.

Mbingu ya Mbinga ilikuwa imefunga. Kabla ya kuingia mtaani kwetu tulisikia nyundo. Kisha tukaona nyasi za paa letu, zote, zimerundikwa kando ya barabara.

"Wameanza kubomoa!" nikapiga kelele. "Mwezi bado!"

Hawakuwa wakibomoa. Lori la kahawa la Hamphrey lilikuwa limeegeshwa mlangoni kwetu, na wapakiaji wake walikuwa juu ya nyumba wakipigilia mabati. Mapya, meupe, yanaumiza macho. Mstari wa mwisho ulikuwa karibu kukamilika.

Mama alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na Pasaka bado.

"Mama Luisa," baba akasema, "mabati ya nani haya?"

"Mvua inakuja, baba Luisa. Ingieni kwanza."

"Nimeuliza ya nani."

"Wangetubomolea. Mlimani nilijua hupati kitu, namfahamu Tobias. Ziwani umekataa. Nilitaka tuzeekee mahali." Hakunitazama. Alilitazama boga. "Na kodi amesema itakuwa juu yake. Mwaka huu na yote ijayo."

"Amesema nani?"

Hamphrey akatoka. Hakutokea kwenye ghorofa yake. Alitokea ndani, sebuleni kwetu. Leo alikuwa na suruali ndefu na shati limefungwa kifungo cha shingoni. Nyuma yake, kwenye viti vyetu, walikaa wazee wawili nisiowafahamu, kofia zimewekwa magotini, kama wanavyokaa wazee waliotumwa kuomba mke.

Nilitazama mabati. Nikamtazama mama. Nikaelewa bei yake ni mimi.

Nilifungua kinywa niseme kwamba baba amekubali Mbaha, kwamba hatuhitaji paa hili, kwamba kuna mchanga na maji na hakuna hadhi. Nilichelewa.

Hamphrey akashuka ngazi ya mlango. Akasimama mbele ya baba. Kisha yule bwana ambaye hajawahi kumwamkia baba tangu ajenge mtaani kwetu akakunja magoti kidogo, akaweka mikono yake pamoja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Nyundo za juu zikanyamaza. Wazee wawili wakasogea mbele kwenye viti. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bati jipya na kulia kama sarafu. Wote walikuwa wakitazama mdomo wa baba yangu, wakisubiri neno moja la kuitikia, ambalo lingekuwa ndiyo ya posa.

Baba akanikabidhi boga.

Kisha akafungua mdomo.